Kinyago, Kamera na Stara

Waswahili tuna methali: kinyago ukichonge mwenyewe hakikutishi. Maana yake inajulikana. Mtu uliyemlea, ukampa cheo, ukamfundisha kazi, hawezi kugeuka akakutia hofu, kwa sababu unajua alikotoka. Nimeitumia methali hii mara nyingi bila kujiuliza kama ni ya kweli. Siku niliyojiuliza nilikuwa Ubena Zomozi, kamera shingoni, na kinyago kilikuwa kinanijia mbio.

Nieleze nilivyofika hapo. Kazi yangu ni kupiga picha: harusi, mahafali, maulidi, vipaimara, kuanzia Chalinze mpaka Morogoro mjini. Desemba moja, wakati wa likizo ya shule, mtu mmoja wa Ubena aliniita nikapige picha za vijana wanaotoka jandoni. Babu yake alikuwa Mmakonde aliyekuja kukata mkonge enzi za manamba. Ukanda wetu huu umejaa historia za namna hiyo. Kuanzia Tanga hadi Kilosa, mkonge ulikusanya watu kutoka kila upande, na miongoni mwao Wamakonde wa uwanda wa Newala na wengine waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Walikuja na mkataba na namba. Wengine walikuja pia na ngoma zao.

Mwenyeji wangu alinionya mapema. "Kutakuwa na kinyago," alisema. "Cha kweli, si cha kuuza." Nikamuuliza kama ninaruhusiwa kupiga picha. Akasema amewauliza wazee na wamekubali. Basi nikaona hodi imeitikiwa, nikapakia vifaa vyangu.

Kwa msomaji ambaye vinyago vya Kimakonde anavijua vya Mwenge tu, vile vya mpingo vinavyopangwa barabarani kwa ajili ya watalii, hiki ninachokisema ni kitu kingine. Lipiko, kwa wingi mapiko, ambalo upande wa Tanzania huitwa pia midimu, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu linavaliwa kichwani kama kofia ya chuma. Lina sura ya mtu: nywele za mtu halisi zimebandikwa, chale za usoni zimetengenezwa kwa nta, na kama ni la mwanamke wa zamani, mdomo wa juu una ndonya. Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima. Siku ile alikuwa amevaa soksi miguuni na soksi mikononi, njuga kiunoni, na hakuna mahali ungeona ngozi hata ukubwa wa shilingi. Halafu kuna jambo ambalo mpiga picha hulijua akishachelewa: mchezaji haoni kupitia macho ya kinyago. Kinyago huvaliwa kimeinama, na yeye huchungulia kupitia mdomo. Mimi nilikuwa nalenga macho, na yule mtu alikuwa ananitazama kutoka mahali pengine kabisa.

Kilichofundishwa tangu zamani ni kwamba lipiko si mtu. Ni marehemu aliyefufuka, ametoka ardhini, amekuja kucheza na walio hai. Wanawake na watoto waliambiwa hivyo. Mvulana akiingia jandoni, moja ya mambo anayoonyeshwa ni kwamba ndani ya kile kitu kilichomkimbiza utotoni kuna mjomba wake. Akitoka, naye anakuwa mtunza siri. Kwa hiyo watu wazima wa kiume wote waliokuwa uwanjani siku ile walikuwa wamekichonga kinyago kile wenyewe, kwa maana moja au nyingine. Na bado kilipotokea kwenye kona ya nyumba, ngoma zile ndogo za mguu mrefu uliochongoka, zinazochomekwa ardhini, zikianza kupiga kwa kasi, niliwaona wanaume wazima wakirudi nyuma. Mmoja alikuwa mwenyeji wangu, ambaye asubuhi ile ile nadhani alikuwa amesaidia kufunga zile njuga. Kinyago kilipomkaribia alikimbia kweli kweli, kandambili moja ikabaki nyuma.

Hapo methali ikaanza kunisumbua. Hawa wamekichonga, na kinawatisha.

Nilipiga picha zaidi ya mia tatu. Usiku nilipozikagua nikapata moja nzuri kuliko zote. Kinyago kimeruka, vumbi limepanda, jua la jioni liko nyuma, mkono wa kulia umenyooshwa juu. Kwa furaha niliituma kwenye kundi la WhatsApp la familia ile, pamoja na nyingine kumi hivi. Nikalala.

Sikuona kwamba soksi ya mkono wa kulia ilikuwa imechomoka. Mkono uko wazi, na kidole cha shahada kimekatika katikati. Pale mtaani kila mtu anamjua mwenye kidole kile na kila mtu anajua ni mashine gani ya mkonge iliyokila. Binti yake wa miaka kama saba alikuwa anachezea simu ya mama yake asubuhi, akaikuza picha kwa vidole viwili, akapaza sauti mbele ya wanawake wote waliokuwa wanaosha vyombo vya shughuli: "Mama, kidole cha baba!"

Nilisimuliwa kwamba palikuwa kimya. Halafu bibi wa nyumba ile, bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria, akasema: "Marehemu naye aliwahi kuwa na vidole." Wanawake wakaendelea kuosha vyombo.

Nilipigiwa simu nirudi Ubena. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa, pengine hata kutozwa faini. Mzee wao alikuwa amekaa chini ya mwembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Nikaomba radhi. Nikasema sikujua, nikasema nitaifuta. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza: "Unadhani wake zetu hawajui?"

Nikanyamaza.

"Mwanamke amemfulia mumewe nguo miaka ishirini, asijue anavyokanyaga? Anamjua kwa mgongo tu. Mama yangu alimjua baba, na bibi yangu alimjua babu. Wanajua wote."

"Sasa babu, kama wanajua, mimi nimeharibu nini?"

Akafikiri kidogo. "Umewalazimisha waseme," alisema.

Nilimuuliza tena kuhusu kuifuta. Akasema hapana, usiifute, ni picha nzuri. "Iweke. Ila isitembee."

Maneno yale nimeyageuza kichwani miaka kadhaa sasa, na makala haya ni jaribio la kuyaelewa.

Nilichokuwa nimekiamini kabla ya siku ile ni kitu ambacho nadhani wengi tunakiamini: kwamba siri ni habari. Kuna jambo, fulani analijua, fulani halijui, na siri ni ule ukuta uliopo kati yao. Kwa hesabu hiyo, kama wanawake wa Ubena wanajua nani yuko ndani ya kinyago, basi siri haipo, na picha yangu haikuvunja kitu. Mtu angeweza hata kwenda mbali zaidi akasema nimewafanyia hisani, nimewaondolea uongo ambao wanaume wamewawekea kwa vizazi.

Lakini mzee hakuwa anazungumzia habari. Alikuwa anazungumzia kitu ambacho Kiswahili kina neno lake zuri kabisa: stara. Tunaombeana kila siku Mungu atusitiri. Hatumaanishi Mungu awafanye jirani zetu wajinga. Jirani anajua kwamba usiku ule mlilala na uji. Anajua, maana moshi wa jikoni kwako haukupanda. Asubuhi anakuletea mihogo, anasema imemzidi shambani. Wewe unajua kwamba anajua, yeye anajua kwamba unajua, na mihogo inapokelewa kama mihogo iliyozidi. Akisema, "Nimesikia jana hamkula," amesema ukweli mtupu na amekuvua nguo.

Ndivyo nilivyoanza kukielewa kile kinyago. Kiliwataka waliokuwa pale uwanjani wafanye kazi: wakubali, kwa saa moja au mbili, kutokujua wanachokijua. Mwanamke anayepiga kelele na kukimbia hadanganywi. Anatoa kitu. Anatoa hofu yake kama mtu anavyotoa mchango wa msiba, ili wale vijana watoke jandoni wakiwa watu wazima mbele ya kitu kilicho kikubwa kuliko mjomba wao mwenye kidole kimoja kilichokatika. Na yule mwanamume anayekimbia akaacha kandambili anatoa pia. Methali inasema kinyago ulichokichonga hakikutishi. Ngoma inasema hivi: umekichonga, unajua ni mti na nta, na kwa hiari yako unakubali kutishika. Bila hiari hiyo ni mti na nta tu.

Kamera haiwezi kukubali. Hilo ndilo tatizo lake. Haiwezi kukimbia wala kuacha kandambili. Imesimama pale pale, inahesabu vidole.

Na mimi niliyeishika nilikuwa na kosa langu. Niliomba ruhusa ya kuwepo, nikajipa mwenyewe ruhusa ya kuondoka na vitu. Kwetu pwani mtu anapiga hodi ili walio ndani wapate nafasi ya kujifunika, na akikaribishwa sebuleni haimaanishi amekaribishwa chumbani. Wazee walinikaribisha uwanjani. Hakuna aliyenikaribisha kwenye simu ya mama wa yule binti saa moja asubuhi.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipita kana kwamba ni nyepesi. Methali nyingine inasema mficha uchi hazai. Jamii inayoficha kila kitu hufa na vitu vyake. Wazee wanakufa, na vijana wa Ubena wanaojua kufunga njuga ipasavyo hawazidi vidole vya mkono. Picha zangu mia tatu huenda zikawa ndizo pekee zitakazobaki. Isitoshe, tusijidanganye kwamba mapiko yalikuwa kitu kimoja kilichoganda. Katika historia yake wachongaji wameingiza sura za Wazungu wakoloni, Waarabu na askari, wakawacheza kwa kejeli. Huko Msumbiji, baada ya vita vya ukombozi na uhuru wa 1975, siri ya zamani ililegea sana, na leo kuna vikundi vya wanawake vinavyocheza mapiko wenyewe. Mtu wa nje anayesema "hiki ni kitakatifu, msikiguse" mara nyingine anatetea kitu ambacho wenyewe wameshakibadilisha zamani.

Hoja hii ina nguvu, na kuna kisa kinachoitia uzito. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yaliibiwa, na kati ya vilivyochukuliwa kulikuwa na kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi, yalikinunua kinyago hicho huko Paris. Mwaka 1990 mtaalamu wa Kiitalia, Enrico Castelli, alitoa taarifa kwamba ndicho kilichoibiwa Tanzania. Mazungumzo yakachukua miaka ishirini. Kilikabidhiwa Tanzania Mei 2010, Baraza la Kimataifa la Makumbusho likiwa msuluhishi. Kama hakuna aliyekijua kwa sura, kingekuwa bado Geneva. Kumbukumbu zina kazi yake, na kitu kisichojulikana hakidaiwi.

Lakini kisa hicho hicho nakisoma pia kwa upande mwingine. Kwa miaka ile yote kilikuwa mikononi mwa watu waliokitunza vizuri na kukithamini. Kilichokosekana ni mtu wa kukimbia. Hakuna aliyekuwa na deni nacho. Hakuna mtu wa Geneva ambaye mjomba wake alikuwa ndani yake, wala aliyeagwa utotoni kwa kukimbizwa nacho. Picha ni safari ya namna hiyo hiyo iliyorahisishwa. Kinyago cha 1984 kilihitaji mwizi, mnunuzi na ndege. Picha yangu ilihitaji kidole gumba.

Na kabla ya picha yangu zilikuwepo nyingine. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifika kusini mwa nchi yetu, akapita Lindi, Masasi na Newala. Alikuja na kamera, fonografu ya kunasia sauti kwenye nta, na hata mashine ya sinema, kitu kipya kabisa wakati ule. Alipiga picha za ngoma na watu, akakusanya vitu kwa wingi, vikiwemo vinyago, akarudi navyo. Ukisoma juu ya safari yake unaona mtu mwenye bidii na udadisi wa kweli. Ila tazama mwaka. Vita vya Maji Maji vilianza 1905. Weule alifika kusini wakati majeshi ya Kijerumani yamechoma vijiji na mashamba na njaa imeingia. Alitembea na wapagazi na askari. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mzee wa kijiji: mgeni huyu anaomba umchezee ngoma apige picha. Utakataa?

Ninapotazama picha za aina ile najiuliza swali moja tu, na silitoi kwa Weule peke yake: aliyekubali angeweza kukataa? Kama hangeweza, basi kukubali kwake hakunipi mimi, mtazamaji wa leo, haki yoyote. Nikalirudisha swali kwangu. Wazee wa Ubena wangeweza kunikataa? Nadhani ndiyo. Lakini yule mwenye kinyago, aliyekuwa anachungulia kupitia mdomo wa mti, je, aliulizwa? Na mkewe? Ruhusa ya wazee ilikuwa ruhusa ya wanaume wenye sauti. Stara iliyovuliwa ilikuwa ya watu ambao hakuna aliyewauliza.

Kuna wanaodhani jibu ni kanuni moja kwa dunia nzima: ngoma takatifu zisipigwe picha, basi. Hilo nalo halinitoshi, kwa sababu utakatifu haukai mahali pamoja. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza orodha yake ya urithi usioshikika, na ndani yake kulikuwa na ngoma mbili za vinyago. Moja ni Gule Wamkulu ya Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji, jirani zetu, ambayo wachezaji wake ni wa chama cha siri cha Nyau. Nyingine ni ngoma ya vinyago ya Drametse, kule Bhutan, nchi ya Wabudha katika milima ya Himalaya.

Kwenye sherehe za Bhutan kama ile ya Paro, watawa na watu wa kawaida hucheza wamevaa vinyago vya miungu wakali, wanyama na mafuvu, katika ua wa ngome, mbele ya umati. Kwa imani yao, kuona ngoma ile tu kunamletea mtazamaji baraka. Siku ya mwisho, kabla ya jua kupanda, hufunguliwa pazia kubwa lenye sura takatifu, na jina lake kwa lugha yao lina maana ya kukombolewa kwa kuona. Mtu anatoka kijiji cha mbali na watoto wake ili waone. Huko jicho limealikwa.

Ukiwa na kamera mahali pa namna ile, hauvui siri. Kosa lako litakuwa lingine: kusimama mbele ya bibi aliyetembea siku mbili ili aone, ukamzibia kwa lenzi yako ndefu, au kutazama kioo cha kamera saa nzima usione chochote wewe mwenyewe. Unaiba nafasi. Ubena jicho limealikwa kwa masharti, na sharti lenyewe ni kukubali kutoona kila kitu. Ngoma mbili, orodha moja, na adabu mbili tofauti. Ndiyo maana nasema mpiga picha hawezi kuja na kanuni mfukoni. Lazima aulize kwanza: hapa utakatifu uko wapi? Uko kwenye kuonekana au kwenye kusitirika?

Hata hapa kwetu jibu hubadilika kwa mwendo wa saa chache za basi. Nimewahi kuona kinyago kikichezwa jukwaani Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981 na tamasha linalovuta watu kutoka nje. Taa zilikuwepo, tiketi zilikatwa, na simu zaidi ya mia zilikuwa hewani. Mchezaji alipomaliza alikivua kinyago, akainama, akatabasamu, jasho likimtoka. Nilipiga picha uso wake na sikuona aibu. Ile ngoma iliandaliwa kwa ajili ya jicho langu, na mtu yule alilipwa kwa jina lake. Kukivua kinyago pale ilikuwa sehemu ya mchezo. Ubena kitendo hicho hicho kingekuwa balaa. Kinyago kinaweza kuwa kile kile, mchezaji akawa yule yule. Walio mbele yake ndio wanaobadilika, na wanachodaiwa.

Kwa hiyo siku hizi nafanyaje? Bado napiga picha. Nauliza mambo matatu badala ya moja: naweza kuwepo, naweza kupiga, na picha zitakwenda wapi. Swali la tatu ndilo linalochukua muda, na mara nyingi linaleta watu ambao hawakuwepo kwenye maswali mawili ya kwanza: mke, mama, shangazi. Kuna sehemu za shughuli ninaweka kamera chini, hata nikiambiwa naweza kupiga, kwa sababu nimegundua kwamba nikiwa nayo mkononi mimi sikimbii, na mtu mmoja asiyekimbia anatosha kuwakumbusha wengine kwamba ni mti. Nimepoteza picha nzuri kwa njia hiyo, na wateja wawili watatu.

Ile picha sikuifuta. Niliitoa kwenye simu, nikaiacha kwenye kadi moja ndogo, kadi ikakaa kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Haikutembea.

Miaka minne baadaye yule bwana wa kidole alifariki kwa ajali barabarani, karibu na Bwawani. Nilikwenda msibani kama wengine. Ilipita kama miezi miwili, mjane wake akaja dukani kwangu Chalinze. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, nikamuagizia soda. Alikaa muda mrefu bila kusema kilichomleta. Kisha akasema, akiangalia ukutani kwenye picha zangu za maharusi:

"Nasikia unayo picha ya kile kinyago cha mwaka ule."

Hakusema picha ya mume wangu. Nikamwambia ninayo.

"Ile yenye vumbi," alisema.

Niliitafuta kadi, nikaichapisha ile picha kubwa, nikaiweka ndani ya bahasha. Nilikuwa nimefikiria kumpa nyingine ambayo mikono yote imefunikwa, ili nisirudie kosa. Lakini aliisema mwenyewe ile ya vumbi, na vumbi lilikuwa moja tu. Aliitoa kwenye bahasha, akaitazama kwa muda. Kidole gumba chake kilikuwa pembeni kabisa, karibu na ule mkono ulionyooshwa.

"Kinyago kizuri," alisema.

"Kizuri sana, mama."

Aliirudisha kwenye bahasha, akaifunga ndani ya khanga, akaniuliza bei. Nikamwambia ilikuwa imezidi tu kwenye karatasi.